Kiti Kilichoongezewa Kitendo

Naapa kwa meno yangu yaliyosalia, haya ni kweli tupu. Aliyenisimulia ni binti yangu wa kuzaa, naye alikuwapo.

Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi, Nukta alikuwa katika chumba cha mlinzi, chini kabisa ya jengo, akikoroga chai kwa kalamu. Miguu yake haipandi ngazi, na ombi lake la lifti lilikuwa na miaka sita. Basi alifanyia kazi humo, kati ya miavuli na funguo, akiunda na wenzake wa juu lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

Siku hiyo walikuwa wanapigia kura sentensi yake moja. Katika lugha yao, kitu kikishafungwa na aliyekiunda, hakifunguliki. Kwa sentensi hiyo Nukta alitaka mtu aweze kukiongezea kitendo kipya kutoka nje, bila kukifumua. Alikuwa ameihangaikia miaka mitatu. Meneja alitaka itupwe. Kura zilikuwa za saa nne, ghorofa ya tatu, na asiyekuwamo chumbani hahesabiwi.

"Ijaribu basi, kaka," binti yangu, mwenzake wa kazi, alimwambia. "Tuone kama inasomeka."

Nukta akaandika: *ongezea Kiti: panda ngazi*. Akabonyeza. Kiti alichokalia kikainua mguu wa mbele, kikatoka naye mlangoni.

"Shika vizuri hiyo chai," mlinzi akasema. "Nimepiga deki sasa hivi."

Ghorofa ya kwanza kilipita vizuri. Ya pili kikagoma.

"Si nilijua!" Nukta akasema. "Huku hawajaleta faili letu."

Maana kitendo cha nyongeza hufanya kazi pale tu faili lake lilipoletwa. Binti yangu akaandika *leta viti vya ngazi* kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Kiti kikaendelea.

Waliingia ikibaki dakika moja kura zianze. Kura nne kwa tatu, sentensi ikapita. Nukta akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la saruji, akacheka peke yake, akamalizia chai.

Meneja alikitazama kiti, akavuta jalada la maombi. "Sasa lifti ya nini tena?" Akaandika "Haihitajiki", akagonga muhuri.

Nilikuwa nimefika hapo, nawasimulia wageni mezani, binti yangu akaweka kijiko chini.

"Baba! Muhuri umeutoa wapi? Aliandika kwa mkono tu."

"Na kiti je?" mama yake akauliza.

"Kiti ni kweli. Muhuri ni wa kwake huyu."

Nyumbani kwetu anayenaswa akiongopa huosha vyombo. Nikakunja mikono ya shati. Masufuria yalikuwa manne, moja limeungua.