Mkono Mzima wa Rebeccah

Wanawake wa kanisa walipokuja kumwona Rebeccah, hawakuacha kumsifu bintiye. "Chepkurui anamtunza mama yake kama yai," walisema, naye aliinamisha uso huku akimimina chai.

Kiharusi kilimpiga Rebeccah katikati ya mwaka wa 1997, kikaulegeza upande wa kushoto. Siku ya kutoka hospitalini, Chepkurui alifundishwa kumketisha, kumnyoosha mkono na kumsimamisha kila siku. Walipojaribu nyumbani, mama alilia kwa uchungu. Chepkurui akaacha. Kisha mvua ya El Nino ikakata barabara, siku za kliniki zikapita, na mama akabaki kitandani.

Mwanzoni ilikuwa huruma kweli. Lakini majani ya chai hayangoji mtu, na majirani waliingia shambani umande ukiwa bado haujakauka. Mama akishika kijiko mwenyewe, uji ulikula asubuhi nzima. Kumlisha kulikuwa haraka. Kumbeba, haraka zaidi.

Barabara ilipokauka alimrudisha kliniki. Ogeto, tabibu wa viungo, alikuwa Mkisii, lakini alimsalimia mgonjwa kwa Kipsigis, kama mjukuu amwitaye bibi yake: "Chamgei, kogo." Akajaribu kulikunja goti la kushoto. Likagoma.

"Nani humlisha?"

"Mimi, daktari. Hajalala njaa hata siku moja."

Ogeto akamshikisha mama kikombe cha maji katika mkono wake wa kulia. Kikatetemeka, maji yakamwagikia sweta.

"Lakini huo ni mzima!" Chepkurui alishtuka. "Ugonjwa haukuugusa."

"Haukuugusa. Ni kulala tu. Mzee asipotumia viungo, nguvu humtoka upesi, na kurudi ni polepole. Tutaanzia hapo."

Hakumkemea. Laiti angemkemea.

Mama alimgeukia bintiye. "Nilitaka kijiko," akasema kwa ulimi mzito. "Nikaona una haraka."

Njiani kurudi Chepkurui hakuweza kumtazama usoni.

Kesho yake alimketisha mama mezani, akamwekea uji, naye akaketi akiwa amekalia viganja vyake mwenyewe. Uji ulimwagika. Kijiko kilianguka mezani, mama akaguna, akakiokota. Vicheko vya wachumaji vilisikika kutoka ng'ambo ya ua. Chepkurui alitokwa na machozi, lakini hakunyoosha mkono.

Wakaendelea hivyo, siku nyingine kwa ugomvi. Fundi Kipsang aliwachongea kiunzi cha kutembelea, na kufikia msimu wa viazi Rebeccah aliweza kujikokota hadi jikoni. Mkono wa kushoto haukunyooka tena. Ogeto alisema miezi ile ya kwanza ndiyo iliyofaa zaidi kwa kuunyoosha.

Alasiri moja mama alikuwa akimenya viazi, kila kimoja amekibana mapajani, akikigeuza kwa mkono wa kulia. Chepkurui alisimama mlangoni.

"Mama, nisamehe."

Rebeccah hakuinua macho. Alimaliza kiazi, akakitia sufuriani.

"Leta maji," akasema. "Na usinisaidie kuviosha."