Miwani Isiyo na Papa

Ijumaa baada ya swala Bashiru alifungua boksi mbele ya watu, kwa sababu mtaani Mabatini kitu kipya kikifunguliwa kwa siri huambiwa ni cha wizi. Kibanda chake cha gemu kilijaa mpaka mlangoni. Ndani ya boksi mlikuwa na miwani nyeusi kubwa kama kinyago cha mchomelea vyuma, mikanda ya kuifungia kichwani, rimoti mbili na kitambaa cha kufutia vioo. Shemeji yake ndiye aliyeileta kutoka Dubai. Alisema ukiivaa unaingia baharini na papa anakupita mbele ya pua. Watu wa Mabatini wamezaliwa na ziwa, sangara mwenye ukubwa wa mbuzi wamemwona, lakini papa hakuna aliyewahi kumwona, kwa hiyo foleni ilianza kabla chaji haijajaa.

Miwani iliomba waifai, ikapewa. Kisha ikamtaka Bashiru achore mpaka wa kuchezea sakafuni kwa rimoti, ili mtu asije akapiga ukuta ngumi. Bashiru akachora duara. Duara likajivuta lenyewe, likawa refu na jembamba, likachukua umbo la mtu aliyelala ubavu. Akafuta, akachora tena. Likarudi vilevile, kichwa upande wa mlango.

"Liache hivyohivyo," alisema Pius, fundi simu wa kibanda cha jirani. "Labda ndiyo saizi yake."

Sakafu ile ilikuwa ya saruji mpya. Bashiru alikuwa amekiongeza kibanda kwa mbele baada ya masika, na pale alipokiongeza ndipo Yeremia alipochomwa moto. Kila aliyekuwa ndani alijua hilo, na wengi siku hiyo walikuwepo. Yeremia alikuwa kijana wa Modesta, mama anayekaa nyuma ya mashine ya kusaga. Alionekana anakimbia na mkoba wa kike, ikapigwa kelele ya mwizi, na Mwanza mawe hayatafutwi, mji wenyewe umekaa juu ya mawe. Mtaa una chama cha kufa na kuzikana, chenye turubai, viti vya plastiki na masufuria ya msiba, na sheria ya chama ni kwamba mwizi hafungiwi turubai. Modesta alimlilia mwanawe juani, yeye na dada yake aliyetoka Kiseke, wawili kwenye mkeka mmoja, na majirani walipita upande wa pili wa njia.

Bashiru alivaa miwani kwanza, kama mwenye mali. Alisimama, kisha miguu yake ikaanza kukimbia palepale iliposimama. Alipiga yowe fupi, akaivua. Juu ya sikio alikuwa na nundu kama limau.

"Ikoje?" walimuuliza.

"Picha safi. Haina chenga hata kidogo."

"Na papa?"

"Papa hakuna. Kuna Mabatini."

Alieleza huku wakimwekea barafu ya samaki. Unaanza umesimama kwenye kichochoro cha mashine. Wingu jeusi linatokea upande wa ziwa, na mkono wako wa kulia umeshika mkoba mwekundu. Unakimbia. Ukifika kwa fundi pancha, jiwe linakupata.

"Mchezo mgumu huo," alisema mmoja wa kwenye foleni, akaomba zamu yake.

Wiki hiyo yote kibanda hakikupoa. Pius aliirudisha miwani ilivyotoka kiwandani, akaipakulia ule mchezo wa papa upya, na kila ilipowaka ikaonyesha kichochoro cha mashine na wingu jeusi. Wakaizoea. Zikabaki hitilafu ndogondogo. Wateja walilalamika kwamba rimoti ya kulia inakufa katikati ya mchezo. Pius alibadilisha betri, akabadilisha tena, mwisho akaivaa mwenyewe na kutoka na kifundo cha mkono kilichovimba.

"Rimoti ni nzima," alisema. "Inakufa pale nondo inapotua. Mkono ukishavunjika utabonyeza nini?"

Wengine walilalamika kwamba sakafu inapanda, kwamba unaanza ukiwa wima na unamaliza shavu likiwa kwenye changarawe, buti la mtu likiwa juu ya shingo. Pius akapima kimo cha sakafu, akakuta kiko sawa. Wengine walisema vioo vinaingia ukungu. Akavifuta, kitambaa kikatoka na masizi. Na kwamba dakika za mwisho miwani inapata moto mpaka nyusi zinanuka, hilo Pius alisema ni kawaida, tairi likishashika. Kila jioni Bashiru alifagia kibanda, akatoa mawe yaliyodondoka kwa wateja na meno mawili matatu, akayatupa korongoni kuelekea Mto Mirongo.

Watu hawakuja tena kumtafuta papa. Walikuja kujitafuta. Aliyetoka alitangaza nani yuko wapi. Yule amesimama juu ya ngazi anapiga picha, yule ameshika tofali, yule amepita akapiga teke moja na kuendelea na safari zake za sokoni. Shigela, fundi pancha, alitoka amefurahi.

"Jamani, lile tairi ni langu! Lile lenye kiraka cha bluu. Nilishangaa limepotelea wapi."

"Si ulilitoa mwenyewe, Shigela?"

"Nililitoa, ndiyo. Lakini nilijua litarudi."

Walicheka mpaka mabati yakatikisika. Mama Kashindye naye alikuja, mwenyekiti wa chama cha kufa na kuzikana, mwanamke ambaye hakuna arusi wala msiba unaopangwa bila yeye. Alikaa na miwani muda mfupi tu.

"Hii kamera inanenepesha," alisema. "Mimi niko hivi kweli?"

"Uko hivyo, Mama Kashindye, tena hapo umejibana."

Jambo ambalo hakuna aliyelisema ni kwamba ukiwa mle ndani, mdomo wa kwanza kufunguka njia nzima ni wa Mama Kashindye, amesimama mlangoni kwake na bakuli la mchele. Kila mtu alikuwa ameuona. Lakini kila mtu alilijua hilo hata kabla ya miwani.

Jumatano mchana Modesta akafika. Watu wakampisha mlangoni.

"Shikamoo, mama," alisema Bashiru.

"Marahaba. Nasikia mwanangu yuko humu."

"Yumo, mama."

"Nivalishe."

Pius alimfunga mikanda juu ya kilemba. Yule mama hakupiga yowe. Alikimbia palepale aliposimama, mkono wa kulia ukining'inia, akapiga magoti, akalala ubavu, akalingana na ule mpaka wa sakafuni bila kuzidi wala kupungua. Wateja wote waliivua miwani moto ulipozidi, hakuna aliyewahi kuufikia mwisho wa mchezo. Yeye aliufikia. Walipomwinua, kilemba kilikuwa kimeungua ukingo, na nyusi hazikuwepo.

"Sauti iko chini," alisema. "Anasema kitu. Iongezeni."

"Sauti ina shida, mama," alisema Pius. "Jiwe la kwanza linampata sikioni."

"Sikio la pili je?"

Pius akafikiri, akakubali kwamba la pili hakulijaribu. Akachomeka waya upande wa kushoto, akaupeleka kwenye spika kubwa ambayo Bashiru huitumia siku za mpira, akaweka miwani mezani ikiwa inawaka bila kichwa cha mtu. Zikasikika hatua za mbio. Ikasikika sauti ya Mama Kashindye, kali na safi, ikisema mwizi. Yakasikika mawe. Kisha sauti ya kijana anayehema.

"Mkoba ni wa mama! Fungueni muone, kuna dawa zake za presha! Ni Modesta, wa nyuma ya mashine! Kaka Shigela, si unanijua? Shigela!"

Ikasikika nondo. Baada ya hapo kijana alimwita mama yake kwa Kisukuma, mara nyingi, na mwisho zikabaki sauti za moto na za watu wanaoulizana kama kuna aliyebakiza petroli.

Pius akazima spika.

"Sasa mbona siku ile hakusema?" aliuliza Shigela.

"Alisema," Modesta alijibu. "Ndiyo hiyo uliyoisikia. Mkoba niliusahau kwenye sala ya jumuiya. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia akimbie, mvua inakuja."

Watu walimgeukia Mama Kashindye, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la mbele na mtandio magotini.

"Mimi nilisema mwizi," alisema. "Sikusema ueni. Kijana wa kiume, mbio, mkoba wa kike, wewe ungesema nini?"

"Mama Kashindye, sijaja kugombana," alisema Modesta. "Polisi nilienda, waliniuliza mtuhumiwa ni nani, nikasema ni mtaa, wakasema mtaa hauingii mahabusu. Sawa. Mimi nataka turubai. Nataka mkae na mimi kama mnavyokaa na wengine, na wewe mwenyekiti usimame useme mbele ya watu kwamba mwanangu hakuwa mwizi. Basi."

Lilikuwa ombi dogo, na mtaa unapenda shughuli. Kamati ilikaa palepale, katikati ya gemu, ikapanga Jumamosi.

Jumamosi turubai lilifungwa mbele ya nyumba ya Modesta, la bluu, lenye jina la chama. Viti vilijaa, waliokosa wakakaa juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya mashine. Sato walikuwa wakikaangwa kwa kuni, wali ukipikwa kwenye jiko la gesi, na akina mama walikuwa wakimsema mchumba wa mtu ambaye hakuwepo. Ulikuwa msiba mzuri. Modesta alikaa kwenye mkeka katikati ya wenzake, amefungwa khanga, na kwa mara ya kwanza tangu masika alilia akiwa ameshikwa mabega.

Wali ukiwa na kiini bado, gesi ikaisha. Dada yake wa Kiseke akapiga simu duka la gesi lililo ng'ambo ya daraja.

"Leteni mtungi hapa msibani, nyuma ya mashine," alisema. "Mwambieni kijana akimbie, watu wana njaa."

Mama Kashindye akasimama. Alikuwa amevaa kitenge kipya na alikuwa amejiandaa. Alisalimia kwa Bwana Yesu asifiwe, akasalimia kwa asalaam aleikum, akawashukuru waliochangia kuni. Akashika kifua.

"Ndugu zangu, tumekusanyika kwa ajili ya kijana wetu," alisema. "Na mimi kama mwenyekiti nasimama hapa kusema kwamba marehemu Yeremia hakuwa—"

"Mwizi!" ilipigwa kelele upande wa daraja. "Mwizi huyoo!"

Viti vilianguka. Turubai lilichomoka kamba moja kwa jinsi watu walivyopita. Shigela alikimbilia kibandani kwake kwanza, kisha akaonekana anakwenda upande wa daraja akivingirisha kitu mbele yake. Waliokuwa juu ya jiwe kubwa waliteremka na mikono imejaa. Mama Kashindye alivua viatu akavishika mkononi. Chini ya turubai wakabaki Modesta, dada yake na sufuria za wali.

Modesta akatoka mpaka njiani, upawa ukiwa bado mkononi.

"Muulizeni jina!" alipiga kelele. "Muulizeni jina kwanza! Muulizeni katumwa na nani!"

Alirudia mpaka sauti ikapasuka, na alipopasuka sauti akaendelea. Kule darajani watu walikuwa wamejikusanya bega kwa bega. Kilisikika kitu kinagonga chuma, kisha kikagonga kitu kisicho chuma. Baadaye moshi mweusi ulipanda taratibu, ukapita juu ya Mabatini kuelekea ziwani.

Walirudi wakihema. Dada wa Kiseke alishika birika na beseni, wakanawa mikono mmoja baada ya mwingine, na maji yalimwagwa mara nyingi kabla hayajawa meupe. Mtu mmoja alikuwa amebeba mtungi wa gesi begani, ule aliokutwa nao mwizi. Walisema ameuiba wapi haijulikani, alikuwa anakimbia nao mchana kweupe, hana haya. Bahati nzuri ulikuwa umejaa. Wakaufunga kwenye jiko, wali ukaiva vizuri.

"Mama Kashindye, ulikuwa unasema," Modesta alimkumbusha.

Mama Kashindye alitazama juu.

"Mvua inakuja, mwenzangu," alisema. "Tule kwanza."

Wakala. Walimsifu sato. Mvua ilipoanza wakakunja turubai, kila mtu akabeba kiti kimoja mpaka stoo ya chama. Jioni duka la gesi lilipiga simu mara mbili kuuliza kama kijana wao amefika, na dada wa Kiseke akawaambia mtungi umefika.

Jumatatu Bashiru alipowasha miwani, alikuta kwenye menyu michezo miwili. Wa kwanza ulikuwa uleule wa mkoba. Wa pili unaanza ukiwa kwenye mteremko wa kuelekea daraja, mtungi uko begani, mwili unanuka jasho, na mbele unaliona turubai la bluu na unasikia harufu ya samaki. Foleni ilifika barabarani. Picha ilikuwa safi kuliko ya kwanza, na Pius hakuona hitilafu ya rimoti wala ya sakafu. Lalamiko lilikuwa moja tu. Wateja wote walisema kwamba kwa mbali, nyuma ya kelele za watu, kuna mwanamke anapiga kelele hizohizo bila kuchoka, na anaharibu mchezo.

Bashiru aliingia kwenye mipangilio upande wa sauti. Akakuta yule mwanamke ana kitufe chake peke yake. Akakiteremsha mpaka chini kabisa, akamfunga mikanda mteja aliyefuata.