Siku Shangazi Aliponitazama

Helikopta ilijiinua kimo cha goti kutoka uwanja wa shule, ikatetemeka kama mtu mwenye homa, ikarudi chini. Ilikuwa mara ya pili. Jua la mchana lilikuwa limeifanya hewa nyepesi, na mapanga juu yetu yalizunguka kwa kelele bila kupata cha kushikia. Nilikuwa nimekwisha kutupa nje kila kilichotupika: viti, mitungi ya maji, sanduku la risasi za akiba, hata boksi langu la spana, ambalo nyumbani sikumruhusu hata mke wangu aliguse. Sakafuni majeruhi walilala bega kwa bega. Katikati yao nesi alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja juu, ameshika chupa ya dripu. Makombora yaliyokuwa yakianguka ng'ambo ya mto sasa yalianguka upande wetu. Shangazi akageuza kichwa kutoka kiti cha rubani, akanitazama.

Hakusema kitu. Nilifungua mkanda wangu, nikaruka nje.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kikosini. Jina tulimpa sisi kwa sababu ya mdomo wake. Ukichelewa, utasomewa. Kamba ya kiatu ikilegea, utasomewa. Alikuwa mfupi kiasi kwamba alikalia mto ili aone mbele vizuri, na siku ofisa mmoja mgeni alipoucheka ule mto, Shangazi alimpandisha angani akamzungusha mpaka jamaa akatapikia kofia yake. Walipotua alimwonyesha bomba lilipo. Mimi nilikuwa fundi wake. Chini niliitengeneza mashine, angani nilikaa mlangoni kuangalia mkia na kupakia watu. Tuliruka pamoja muda mrefu hivi kwamba nilijua amekasirika kwa namna tu alivyokohoa kwenye redio.

Siku hizi kichwa changu kimejaa mvi, na mashine zenyewe nilishaachana nazo zamani. Juzi wakanipigia simu kutoka kikosini. Shangazi anastaafu, wakasema, kuna hafla ya kumuaga, na wewe ndiye utakayewasimulia vijana habari za siku ile. Nikakubali papo hapo, kwa kiherehere changu, na tangu nilipokata simu sikupata raha. Niliamka nikatembea. Nilikula nimesimama. Nilianza kukaza nati za kitanda ambazo hazikulegea.

"Baba, hebu kaa chini," mke wangu aliniambia. "Utatoboa sakafu ya watu."

"Nafikiria cha kusema."

"Si useme kilichotokea?"

"Hapo ndipo penye shida."

Alinitazama kwa huruma, kisha akacheka. "Mtu mzima na mvi zako, unaogopa kipaza sauti!"

Sikuogopa kipaza sauti. Kila mtu anajua kwamba Shangazi alirudi kunichukua. Kurudi kule ndiko kulikompa nishani, na picha yake ikatundikwa ukumbini akiwa amekunja uso kana kwamba mpiga picha hakuvaa vizuri. Wasichokijua ni kile kilichotokea kabla, pale aliponitazama. Je, nilishuka mwenyewe, au alinishusha? Unaweza kuona ni jambo dogo. Lakini mtu aliyetoka nje ya ndege pamoja na viti na mitungi angependa kujua kama naye alitupwa. Nilimpenda sana mwanamke yule, kama ndugu wa damu, na miaka yote hiyo dukuduku lilinikaa kifuani kama tonge lililokwama. Sasa naambiwa nisimame mbele ya vijana nimsifu. Nitamsifu vipi na moyo wangu haujatulia?

Siku ile, niliporuka nje, mashine ilipanda. Ilipanda vizuri, kwa urahisi uliokaribia kunitukana, ikainamisha pua na kupita juu ya goli la uwanja ule wa shule. Vumbi lilipotua niligundua siko peke yangu. Mpishi wa kombania alikuwa amekaa nyuma ya ukuta wa choo cha wanafunzi, bunduki mapajani, anatafuna biskuti. Lilikuwa pande la mtu. Tangu mwanzo alikataa kupanda.

"Mimi peke yangu ni machela mbili," alisema aliponiona. "Wewe je, umesahau nini?"

"Nimeshuka."

"Umeshuka au umeshushwa?"

Alinikatia biskuti, tukajibanza ndani ya choo kile chenye michoro ya watoto ukutani. Kombora lilianguka uwanjani na bati la paa likatumwagia kutu vichwani. Nilikuwa na hofu, sifichi, lakini zaidi nilikuwa na hasira. Nilimlaani Shangazi kwa majina yote niliyojua na mengine nikayatunga. Nikamkumbuka mke wangu, aliyekuwa mjamzito, nikamlaani Shangazi upya.

"Atarudi?" mpishi aliniuliza.

Nilijua makao makuu hayatamruhusu. Adui alikuwa anavuka mto, na helikopta zilizobaki zilihesabika kwa vidole. Mimi mwenyewe ningekuwa mkubwa wao, ningekataa.

"Atarudi," nilisema.

"Umejuaje?"

"Sijui. Wewe tafuna."

Yaliyotokea hospitalini nilisimuliwa baadaye na rubani msaidizi wake. Walipowashusha majeruhi, redio ilitoa amri: mashine izimwe, hakuna kuruka tena upande ule. Shangazi aliitikia vizuri kabisa, kwa adabu zote. Kisha akamwambia msaidizi ashuke akatazame gurudumu la nyuma, kwamba halikumpendeza wakati wa kutua. Yule bwana akashuka, akainama, akasikia mashine inaondoka juu ya kichwa chake. Alikimbia akipunga mikono kama mtu aliyeachwa na basi. Alikuwa bado anaona uchungu aliponisimulia, maana alitaka kwenda naye, na Shangazi alijua hivyo.

Sisi tuliisikia kabla ya kuiona. Ilikuja chini kabisa, karibu iguse maji, na risasi zilianza kuifuata kutoka ukingoni. Kioo cha mbele kilipasuka. Ikayumba, nikapiga kelele, ikajiweka sawa. Hakutua, aliishikilia hewani kimo cha kiti, pembeni ya goli, na akaibakisha pale wakati mpishi na uzito wake wote wakikimbia kukata uwanja. Nilimsukuma ndani, nikaingia juu yake. Niliposogea mbele nikaona mkono wa kushoto wa Shangazi umelowa damu mpaka vidoleni, na vidole vile vile bado vimeshika usukani.

Aligeuka. Uso wake ulikuwa umejaa vipande vya kioo.

"Kofia yako iko wapi?" alifoka.

Nililia. Nilimfunga mkono kwa shati langu huku nalia, na yeye akinisomea kuhusu kofia mpaka tulipotua. Hasira yangu sikuiona tena siku ile. Ilirudi wiki zilizofuata, kidogo kidogo. Siku ya nishani alinishika mkono kwa nguvu, nikadhani atasema neno. Hakusema. Tukaendelea kuruka, vita vikaisha, tukazeeka, tukitembeleana, tukicheka, bila kulitaja.

Kwa hiyo jana alasiri, siku moja kabla ya hafla, nilikwenda kwake.

Nilimkuta anapiga pasi gwanda lake la sherehe, sebuleni, meza imesogezwa dirishani. Naye hakuwa ametulia. Alikunja mkono wa shati, akaukunjua, akaenda dirishani, akarudi.

"Viatu, Fundi," alisema kabla sijamaliza salamu. "Nimepiga deki."

Nilivua. Nikasimama na soksi zangu.

"Umekuja kunisomea hotuba?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza haraka. Pasi hii inaunguza."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri njiani, yote yakayeyuka. "Afande," nilisema, na sijui kwa nini nilimwita hivyo ndani ya nyumba yake. "Siku ile uliponitazama. Ulitaka nishuke?"

Aliisimamisha pasi. Angeweza kusema alikuwa anatazama kama mlango umefungwa. Ningemwamini, nilishajiandaa kumwamini. Maji yalichemka ndani ya pasi.

"Nilitaka ushuke," alisema. "Niliwapitia wote kichwani, mmoja mmoja, nani mzima, nani anaweza kukimbia. Nikaishia kwako. Nikakutazama mpaka ukaelewa."

Hasira ilipanda, ile ile ya chooni, moto mpaka masikioni. Niliisubiri inizidi nguvu. Haikunizidi. Nilimwona mbele yangu mwanamke mfupi na pasi mkononi, midomo inamcheza, na nikatambua kwamba yeye pia hakuwa amelala vizuri tangu siku ile.

"Ungesema tu, Shangazi," nilimwambia. "Ningeshuka upesi zaidi."

"Najua ungeshuka. Ndiyo maana sikuweza kusema." Alijifuta jasho kwa mkono ule wa kovu. "Wanasema nilirudi kwa ushujaa. Fundi, ile sakafu ilinichoma miguu. Nisingeweza kukaa kwenye mashine bila wewe mlangoni huku nikijua nani kakutoa."

Nje mtu alikuwa akipigilia misumari, akiacha, akipigilia tena.

"Basi kesho nitaanzia pale uliporudi," nilisema. "Yaliyotangulia ni yetu."

"Hapana. Anzia nilipokutupia macho yale. Habari za kurudi wanazo tayari."

"Wakiguna je? Kuna wakubwa, kuna wageni."

Alilishika tena lile gwanda, akaligeuza upande wa pili, akalilainisha kwa kiganja.

"Waache wagune," alisema. "Mimi nitakuwa nimekaa pale mbele, nakusikiliza."