Yowe la Mazoezi

Kitendawili! Sikiliza vizuri: mmoja kaita, mia wamekuja, na hakuna aliyeuliza anaitiwa nini. Ni nini hicho? Fikiri kwanza. Umeshindwa? Basi nipe Tarime nzima na soko lake, nikwambie. Ni yowe la msiba. Huku kwetu ukilisikia unaacha jembe shambani na ndoo kisimani, unakwenda. Irine wa Kerende alilijua hilo tangu utoto, na bado alilipiga mchana kweupe, kwa mtu aliyekuwa hai.

Irine alikuwa na miaka kumi na tisa, na rafiki yake mkubwa alikuwa na sabini na sita. Mzee Nikodemo hakuwa babu yake wa damu, ila babu na mjukuu ni watani, basi walikuwa wameoana kwa mdomo.

"Shikamoo, mume wangu usiye na meno."

"Marahaba, mke wangu usiyejua kusonga ugali."

Kwa hiyo alipotunga igizo la kuchekesha la kikundi chao cha sanaa, hakumfikiria mwingine. Mzee Kichwangumu anajifanya amekufa ili asikie wanawe watasema nini. Wana wanagombania viatu vyake. Binti wa jirani peke yake analia, na akishasema, "Nani atanitania sasa?", maiti anakurupuka: "Nani kasema nimekufa?" Hapo watu wacheke mpaka wakae chini.

Siku ya mazoezi walilaza mlango mbovu juu ya mabenchi mawili kanisani, Nikodemo akalala, akafunikwa shuka. Irine akalia kilio chake cha mchezo. "Nani atanitania sasa?"

Shuka halikutikisika.

Akarudia kwa sauti zaidi. Joram, kiongozi wa kikundi, akacheka akasema mzee kanogewa. Irine akarudia mara ya tatu, akafunua shuka, akaona mdomo umelegea upande mmoja na mate yanashuka. Hapo akasahau Kichwangumu. Akavua kitambaa cha kichwa, akakimbilia mlangoni na kupiga yowe, yowe lenyewe, kwa jina la mtu: "Nikodemo! Nikodemo wa Simioni, umeniacha na nani!"

Wanawake wa kisimani walifika wa kwanza, maji yamewamwagikia. Wakafuata wengine, wakilia tangu njiani. Kanisa lilipojaa, shuka likasogea. Mzee akainuka taratibu kwa kiwiko, akawatazama wote, akasema kwa sauti ndogo sana, "Nani kasema nimekufa?"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Babu," Irine alimuuliza watu walipotawanyika, "mbona hukuamka?"

Nikodemo alijipangusa vumbi, akaomba uji.

Simu zilikuwa zimeshavuka mpaka. Kesho yake asubuhi akashuka Mokami, dada wa mzee, kutoka upande wa Kenya, amejifunga kanga kiunoni, analia tangu Sirari. Akamkuta marehemu anamenya kiazi.

"Ati wewe si umekufa?"

"Bado, dada. Karibu kiazi."

Mokami hakuchukua kiazi. Akakaa mbali naye. "Umeliliwa kwa jina lako na la baba. Jina limeshatangulia, wewe umebaki hapa unamenya viazi. Chinja mbuzi jina lirudi, na ile mlango usilale juu yake tena. Ukilala, mimi nikipigiwa simu nitakuja kuzika, sitauliza kama ni mchezo."

Mbuzi akachinjwa. Lakini Irine hakupata usingizi mzuri tena, kwa maana alianza kuona mambo. Kikombe kilimponyoka mzee mkononi, akasema kina mafuta. Kiatu cha kushoto kilianza kuburutika, akasema kimepanuka. Watoto waliokuwa wakimrukia sasa walimpisha njia. Kila alichokiona, Irine alijiambia: ni mimi. Mimi ndiye niliyemwitia kifo.

"Babu, tumweke mwingine alale."

"Uniachishe kwa ajili ya kijana? Mke gani wewe!"

"Basi niambie, siku ile mbona hukuamka?"

"Muulize Kichwangumu," akajibu, akageuza uso.

Jumamosi ya onyesho wakaenda Kemambo. Uwanja wa shule ulijaa tangu saa nane, na wengi hawakuja kucheka. Walikuja kumwona mtu aliyeliliwa. Nyuma ya turubai mlango ulikuwa tayari juu ya mabenchi. Nikodemo aliutazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika wa kushoto, kama mtu anayemzuia mtoto.

"Panda, mzee," Joram akasema. "Watu wanaita."

Irine akakaa juu ya mlango. "Hapandi. Na mimi silii. Lala wewe."

"Mimi? Na nani atanililia?"

"Wakikuona ulivyolala watalia wenyewe. Nenda, mura, kijana we, anzeni na ile ya viatu! Na mtu aite bodaboda, tunakwenda zahanati."

Joram akanung'unika, akachukua shuka. Irine akainuka, wenzake wakaubeba mlango. Punde uwanja ukaangua kicheko, kikubwa, cha watu waliokuwa wameogopa wakapata nafuu.

Nyuma ya turubai walibaki wawili. Irine alipiga magoti mbele ya mzee, akaushika ule mkono wa kushoto. Ulikuwa baridi, na haukumshika.

"Sikuulizi tena kwa utani," alisema. "Kama ni mimi niliyekuletea hili, niambie. Mbona hukuamka?"

Nikodemo alisikiliza kicheko cha nje mpaka kikatulia.

"Nilikusikia mara zote tatu, Irine," alisema, na hakumwita mke wangu. "Hujaniletea kitu. Kabla hujalia, upande huu ulikuwa umeshakufa ganzi. Nilijaribu kuinuka. Sikuweza."