Dawa Isiyokaa kwenye Jani

Jamani, kuna wanaume wabishi, halafu kuna Naftali. Asubuhi nzima alikuwa anapulizia vitunguu, bomba mgongoni, na mkewe Agripina anamtazama kwa hasira. Jani la kitunguu lina utelezi kama limepakwa mafuta. Tone la dawa likilifikia linajikusanya, linadunda, linabingirika hadi chini. Dawa yote inanywewa na mchanga! Wadudu wako palepale juu wanafyonza, na majani yanazidi kuwa meupe.

"Naftali, tia sabuni ya unga kidogo kwenye maji. Tone litatandaa, lishike jani."

"Sabuni? Tunafua au tunalima? Baba kapulizia vitunguu Shelui maisha yake yote bila sabuni, hajapoteza hata tuta moja. Ni mkono tu."

Mkono! Agripina alitamani kupiga yowe. Vitunguu hivi vikifa, ndiyo kurudi Shelui kwa wakwe, akapike kwenye jiko la mama mkwe, kila akitia chumvi aulizwe ametia kiasi gani. Kiangazi chote amebeba maji ya kumwagilia ili wasirudi. Leo ashindwe na utelezi wa jani? Thubutu!

Siku ya kupulizia tena, Naftali alipoingia ndani kutafuta kofia, Agripina akamimina sabuni kwenye ndoo, akakoroga taratibu povu lisipande. Safari hii matone yalitua yakatandaa, jani likalowa lote. Haukupita muda, majani mapya yakatoka ya kijani.

"Umeona?" Naftali akatamba. "Mkono wa baba huo!"

Agripina akainama, akaendelea kung'oa magugu.

Mama mkwe, Mama Damari, akaja kuwatembelea. Agripina akapiga goti, "Shikamoo mama," roho juu. Mama akaitikia, akazunguka matuta, akamsikiliza mwanawe akijisifu kwa mkono wake. Kisha akachungulia ndoo ya kuchanganyia dawa. Ukingoni povu lilikuwa limekaukia. Akaligusa, akanusa kidole. Agripina akajua yamekwisha.

"Naftali, niletee maji ninawe."

Naftali alipoondoka, mama akamsogelea mkwewe.

"Hii yako inanukia mno, atakugundua. Tumia ya kipande. Ndiyo niliyokuwa namwekea baba yao miaka yote, na mpaka leo mzee anasema ni mkono."