Kilio cha Gari la Mkate

Gari la mkate lilirudi gerejini asubuhi likilia. Halikuwa limepakia hata kreti moja, lakini mlio wake ulilitangulia getini. Sikio, fundi aliyekalia meza ya difu kwa miaka kumi na tisa, aliusikia akiwa bado anafunga vifungo vya ovaroli, na moyo wake ukafanya jambo ambalo asingemwambia mtu. Ulifurahi.

Difu ya gari lile, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, ilikuwa kazi ya mdogo wake. Wiki iliyopita alibadilisha gia za magari mawili ya mkate, pacha, kwa siku moja. Gerejini walimwita Geji, kwa sababu ya kipimo alichotembea nacho mfukoni kama mwalimu na kalamu. Sikio ndiye aliyemfundisha kushika spana. Sasa wateja wakifika huuliza, "Yule mwembamba yupo?" Hata nyumbani, mkewe alimtazama kucha akasema, "Shemeji naye hushinda kwenye oili hiyo hiyo, mbona mikono yake hung'aa?" Alikuwa akitania. Sikio aliinuka akanawa mara ya pili.

Na juzi bosi, mwanamke aliyeirithi gereji kwa mumewe na kuijua kuliko marehemu, alitangaza kuwa kuanzia mwezi ujao meza ya difu itakuwa ya Geji.

Baada ya chai alimwita Sikio ofisini.

"Mdogo wako amekuja hapa mwenyewe," alisema. "Amesema kosa ni lake. Basi meza ibaki kwako. Nitafutie huo mlio unatoka wapi."

"Sawa, bosi," Sikio alijibu kwa upole. "Vijana wana haraka."

Siku nyingi zilikuwa zimepita bila ulimi wake kuonja maneno matamu kama hayo.

Alipanda gari pamoja na dereva wa mkate. Sikio hakuwa mtu wa kuhukumu kabla ya kusikiliza, hata alipotamani sana kuhukumu.

"Kanyaga mafuta."

Gari likalia, uuuu, sauti nyembamba inayopanda.

"Achia."

Mlio ukashuka, ukawa mguno.

"Toa gia, liache litembee lenyewe."

Karibu kimya. Basi si matairi. Akamwomba akate kulia, kisha kushoto, hakuna kilichobadilika. Basi si beringi za magurudumu. Mlio unaoitikia mguu wa dereva namna ile ni wa meno ya gia.

"Linaimba vizuri," dereva alisema. "Siku hizi sipigi honi, wenye maduka wananisikia tangu kona ya tatu. Na pacha wake ameanza jana, mwenzangu kanipigia simu."

"Naye analia?"

"Sauti ile ile. Kama walevi wa kilabu kimoja."

Hilo lilimkaa Sikio vibaya. Fundi anaweza kukosea difu moja. Kukosea mbili siku moja, kwa namna moja, kunataka sababu.

Alilipandisha gari kwenye stendi, akamwaga oili, akafungua mfuniko. Alipaka rangi ya njano kwenye meno ya gia kubwa, akaizungusha kwa mkono. Gia zikipatana, rangi hufutika katikati ya jino. Hapa ilifutika pembeni, jino hili juu, lile chini, kama soli za mtu anayechechemea. Akatoa gia zote mbili, akazifuta, akazisogeza kwenye taa.

Gia kubwa na ndogo husagwa pamoja kiwandani hadi zizoeane, kisha huchongwa namba ile ile. Ni mke na mume. Ukiwaozesha kwingine, watalia hadi waishe. Kubwa ilisomeka 47. Ndogo, 52.

Furaha ilimpanda hadi kooni. Namba! Kitu cha kusoma tu, na mwenye kipimo mfukoni hakukisoma. Aliinua kichwa kumtafuta bosi, na macho yake yakaangukia beseni la dizeli chini ya meza.

Akakumbuka.

Siku ile Geji alikuwa amefunga kila jozi kwa waya wake, akaziacha mezani akaenda kununua sili za kuzuia oili. Vifurushi viwili, nadhifu, kila mpita njia akivisifu. Sikio alivumilia kwa muda, kisha akachukua koleo. Gia mpya huogeshwa, alijiambia, hazifungwi kama kuni. Alikata waya, akazitumbukiza zote beseni moja, akazisugua, akazipanga juu ya kitambaa, kubwa na ndogo, kubwa na ndogo, kama mkono ulivyokuja. Hakuna aliyemwomba. Alitaka tu mdogo wake akirudi akute mkono wa mkubwa umepita.

Alimkuta Geji amechuchumaa bombani.

"Siku ile ulipaka rangi?"

"Nilipaka, kaka. Haikutulia. Nikabadilisha vibati vya kusogeza gia mara tatu, ikakubali nusu. Nikasema labda mikono yangu bado."

"Na namba?"

"Nilizisoma nilipofunga waya. Niliporudi nikakuta umeziosha, umezipanga." Geji alifunga bomba. "Ningeanzaje kukagua nyuma yako?"

Kisha akatoa mfukoni, pale penye kipimo, vipande vya waya vilivyokatwa.

"Gari lilipoingia leo nilimwaga beseni. Vilikuwa chini."

"Mbona hukumwambia bosi?"

"Nilimwambia lililo langu. Anayefunga gia ndiye anayesoma namba."

Sikio aliupokea waya. Mtu mwingine pengine angeona shukrani. Yeye aliona wivu ule ule ukimpanda upya, mkali zaidi, maana hata kwa kunyamaza mtoto huyu alikuwa amemzidi. Angeweza kunyamaza naye. Angebaki na meza, na kila asubuhi angeikalia kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima.

Alikwenda ofisini, akasimama mlangoni.

"Bosi, gia za pacha zimebadilishana. Mwite yule mwingine arudi leo. Kama meno hayajalika, tutairudisha kila moja kwa mwenzake."

"Nani kazichanganya?"

Aliuweka waya juu ya meza. "Alizifunga vizuri. Nilikata mimi."

Bosi aliutazama waya, kisha akamtazama yeye.

"Vijana wana haraka, eh?"

Sikio alifuta mikono kwenye ovaroli. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Meza mwezi ujao iko pale niliposema juzi," bosi alisema, akarudi kwenye karatasi zake.

Pacha alifika saa nane, akilia tangu kona ya tatu kama mwenzake. Geji alishaandaa stendi na taa. Waya mpya ulikuwa mezani, umekatwa vipande viwili vilivyo sawa kabisa, na Sikio aliona kuwa hata usawa ule unamkera.

"Kaka, utaziosha wewe?"

Alitafuta mzaha ndani ya sauti ile, hakuupata.

"Nitaziosha," alisema, akaenda kutafuta beseni la pili.