Sauti Iliyojua Kifaransa

Armelle alikuwa na mwaka wa pili tangu avuke kutoka Burundi alipopata kazi katika steshenari ya Mzee Hamdani, pale Gungu, Kigoma. Alichapa barua, alitoa kopi za vyeti, akawapiga watu picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwepesi wa vidole kuliko wa maneno. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kirundi, lakini hapo Gungu hilo halikumshtua mtu. Waha, wenyeji ambao lugha yao inakaribiana na Kirundi, walimwelewa hata pale neno la Kiswahili lilipomkimbia akamalizia kwa la kwao.

Kifaransa ndicho hakukisema na mtu yeyote. Alikisomea Bujumbura, na tangu aondoke huko hakikuwahi kumtoka mdomoni. Alikisoma tu, mchana, Mzee Hamdani alipokwenda kuswali adhuhuri na kupitia nyumbani kula. Saa nzima duka lilikuwa lake. Hapo alifungua mtandao akaandika jina la kaka yake, Kubwimana.

Walipotezana Kagunga, kijiji cha mpakani upande wa Tanzania, Mei ya 2015, kwenye ule ufuko mwembamba uliofurika watu kati ya mlima na ziwa. Kubwimana alimbeba mgongoni hadi maji yakamfika kifuani, akamtia kwenye mtumbwi uliokuwa ukiwapeleka watu melini. "Tangulia," alimwambia, "nakuja na unaofuata." Unaofuata ulikuja. Ukaja na mwingine, na mwingine tena. Kisha meli ikang'oa nanga.

Jumatatu moja ya mwezi Novemba, mvua imeshika ziwa lote na milima ya Kongo haionekani, Armelle aliangukia ukurasa ambao hakuwahi kuuona. Uliandikwa kwa Kifaransa: orodha ya Warundi wanaotafutwa na ndugu zao. Majina yalikuwa yamefifia, kama maandishi yanayosomwa chini ya maji. Juu yake kulikuwa na kisanduku kilichosema, bonyeza "Ruhusu" uone orodha yote.

Akabonyeza. Orodha haikuja. Lilikuja tangazo la viatu. Alisubiri kidogo, akafunga, akaendelea na kazi.

Kesho yake asubuhi alikuwa akimchapia mwalimu Leonia mtihani wa darasa la tano. Mwalimu alikaa pembeni yake akimsomea maswali. Ghafla kwenye pembe ya chini ya kioo cha kompyuta kikapanda kijisanduku cheusi, taratibu, bila sauti. Maneno mawili matatu ya Kifaransa: *Kuna anayekutazama.*

Vidole vya Armelle vilisimama.

"Nini hicho?" aliuliza mwalimu Leonia.

"Tangazo tu, mwalimu."

"Tangazo la nini? Mbona umebadilika rangi?"

Armelle aliinamia kibodi. Hakuwa amefungua mtandao kabisa. Mbele yake ulikuwapo mtihani tu, swali la nne, mito mikubwa ya Tanzania. Kijisanduku kilikaa kidogo kikazama. Baada ya muda kikapanda kingine: *Bado anakutazama. Usipuuze.*

Mwalimu alipoondoka na karatasi zake, Armelle aliinuka akaigeuzia ukutani kamera ndogo iliyokuwa juu ya kioo. Kisha akajiona mjinga, akaigeuza tena. Kisha akairudisha ukutani.

Mchana Mzee Hamdani akachukua kofia yake. "Binti yangu, naenda kuswali. Pastory akija kuchukua vyeti vyake viko kwenye bahasha."

"Haya, Mzee."

Alitaka kumwambia asiondoke. Hakujua angeanzia wapi.

Duka lilipobaki tupu, kijisanduku kikapanda tena, na safari hii kikasema: *Bonyeza hapa umjue.* Armelle alikitazama. Alifikiri kwamba jambo baya ukilijua ni afadhali kuliko kulisubiri. Akabonyeza.

Kioo kizima kikawa chekundu. King'ora kikalia, na ndani ya king'ora sauti ya mwanamke ikaanza kuongea, laini, ya kufundishia watoto. Iliongea Kifaransa safi. "Kompyuta yako imefungwa. Usiizime. Tunajua mahali ulipo. Piga namba hii sasa." Na chini ya namba, kwa herufi nyeupe, kulikuwa kumeandikwa: *Kigoma, Tanzania.*

Alitafuta mahali pa kufungia, hakupaona. Alisukuma kipanya, na mshale ulikuwa umetoweka. Mwanamke alimaliza maneno yake akaanza upya, vilevile, bila kuchoka.

Ndipo umeme ulipokatika. Feni ilizunguka mara ya mwisho ikasimama. Redio ya kinyozi wa jirani ilinyamaza, mashine ya kusaga ya ng'ambo ya barabara ikanyamaza, Gungu nzima ikatulia kama imewekewa mkono mdomoni. Ndani ya duka lenye kiza sauti iliendelea. "Tunajua mahali ulipo." Wekundu ulimulika shuka la bluu ukutani na mikono yake mwenyewe. Armelle alilijua lile boksi la betri lililokuwa chini ya meza, alijua kwamba kazi yake ni kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Aliliwasha yeye kila asubuhi. Dakika ile hakulikumbuka. Aliona kitu kinachoongea bila umeme, katika lugha ambayo hakuna mtu wa mtaa ule aliyejua kwamba anaijua.

"Mana yanje," alinong'ona akimwita Mungu kwa Kirundi, akachukua simu yake, akapiga ile namba.

Iliita mara moja tu. Mwanamume akapokea, kwa Kifaransa, kwa upole. "Usiogope, bibi. Niko hapa kukusaidia. Niambie jina lako."

"Armelle."

"Armelle. Vizuri. Uko peke yako chumbani?"

Wale waliokuja nyumbani kwao Bujumbura kumtafuta Kubwimana, kwa sababu ya picha alizopiga kwenye maandamano, mmoja wao alisimama nyuma ya mlango akauliza hivyohivyo. Hakuupiga mlango wala hakupaza sauti. Aliuliza kwa Kifaransa cha mtu aliyesoma: uko peke yako?

Armelle alikata simu. Ikaita papo hapo. Akakata. Ikaita. Alitoka hivyo alivyo, duka wazi, akapanda bodaboda ya kwanza iliyopita, akasema Kibirizi, kwenye boti.

Kibirizi dagaa walikuwa wameondolewa mchangani kwa hofu ya mvua, na wapagazi walikuwa wakibeba magunia kwenda kwenye boti za kusini. Armelle aliuliza ya Ilagala. Huko alikuwapo masenge, shangazi yake Révérienne, aliyeolewa Tanzania zamani kabla ya haya yote. Aliambiwa asubiri saa moja, ukungu uinuke. Akakaa juu ya gunia, uso kauelekeza barabarani ili amwone anayekuja. Maji yalikuwa meupe na mbingu nyeupe, na kati yake hapakuwa na mstari. Sauti za watu waliokuwa ndani ya boti zilimfikia bila watu wenyewe kuonekana. Simu iliita mfukoni, ikatulia, ikaita. Kila mtu aliyetoka kwenye ukungu alikuja kwanza kama kivuli kirefu kisicho na uso, na kila kivuli Armelle alikitazama hadi kikawa mtu.

Kivuli kimoja kilivaa kofia.

"Armelle!" Alikuwa Mzee Hamdani, anahema, kanzu imelowa hadi magotini. "Kinyozi kaniambia umekimbia kama nyumba inaungua. Nikajua mtu aliyekimbia hivyo Gungu anakuja majini. Kuna nini, mwanangu?"

"Wamenipata, Mzee."

"Kina nani?"

Akamweleza, maneno yakikatikakatika, Kirundi kikiingia kila sentensi ya pili. Mzee Hamdani alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akakaa kwenye gunia la pili.

"Hiyo sauti nimeikuta," alisema. "Inapiga kelele peke yake dukani. Nami niliogopa, sikufichi. Nimemwita Yona, yule fundi kompyuta wa Ujiji. Ila sikia. Kama ni watu wanaokutafuta kweli, hutapanda boti peke yako; nitapanda nawe hadi kwa shangazi yako. Na kama si watu, basi tukaone ni nini. Uamuzi ni wako."

Armelle aliitazama boti. Ukungu haukuwa umeinuka. "Twende tukaone," alisema.

Walimkuta Yona dukani, kijana mrefu mwenye begi la vifaa. Umeme ulikuwa umerudi na kioo kilikuwa kimetulia.

"Dada Armelle, kwanza jinsi ya kuufunga ukurasa ule," alisema. "Usiguse chochote ndani yake. Bonyeza vitufe vitatu hivi pamoja, inakuja orodha ya vinavyofanya kazi, chagua brauza, hii ya kufungulia mtandao, iue. Ukiifungua tena itakuuliza irudishe kurasa za mwanzo. Kataa."

"Lakini inajua niko Kigoma. Na inajua Kifaransa changu."

"Brauza hii nani aliiweka Kifaransa?"

Armelle akakumbuka. Aliiweka mwenyewe, miezi mingi nyuma, ili asome orodha kwa urahisi.

"Kila ukurasa unaoufungua," Yona alisema, "brauza inauambia lugha unayoipenda. Na mtandao unauonyesha mji unakotokea. Basi. Haina zaidi ya hapo. Ngoja."

Alibadilisha mpangilio wa lugha akaweka Kireno, kisha akaufungua ule ukurasa makusudi. Kioo kikawa chekundu. Mwanamke mwingine, laini vilevile, akaanza kuonya kwa Kireno. Chini: Kigoma. Akaweka Kiarabu, na mwanamume akanguruma kwa Kiarabu. Kigoma.

"Haya, huyu naye anamtafuta nani hapa?" Mzee Hamdani aliuliza, na Armelle akashtukia anacheka, machozi yakimtoka.

Yona akaenda kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa, akamwonyesha jina la ukurasa wa Jumatatu. "Ulipobonyeza Ruhusu, uliupa ruhusa ya kukutumia vijisanduku hata kama umefunga kila kitu. Tunaiondoa. Hivi." Likatoweka. "Na namba yao usipige tena. Wangekuambia uweke programu ya kuwaingiza ndani ya mashine, kisha wakudai malipo kwa kukuponya ugonjwa usiokuwepo."

Simu ya Armelle ikaita. Wote watatu wakaitazama mezani.

"Achana nayo," Yona alisema.

Armelle aliipokea.

"Bibi, niko hapa kukusaidia," alisema yule mwanamume, kwa upole uleule. "Niambie jina lako." Alikuwa amekwisha kulisahau. Armelle hakujibu, na katika ule ukimya akasikia kilichokuwa nyuma yake: chumba kikubwa, watu wengi wakiongea kwa pamoja, chinichini, kila mmoja kwa lugha yake. Zile alizozielewa zilikuwa zinasema kitu kimoja. Usiogope. Niko hapa. Uko peke yako? Uko peke yako?

"Uko peke yako chumbani?" yule wa kwake aliuliza.

"Hapana," Armelle alisema, kwa Kifaransa, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza ilivyo nzito. "Tuko watatu."

Simu ikakatwa. Yona akaizuia namba ile.

Alhamisi Mzee Hamdani alimsindikiza mjini, kwenye ofisi ya shirika linalotafuta ndugu waliopotezana. Mama mmoja aitwaye Regina aliandika kila kitu kwa kalamu: jina la Kubwimana, umri, kovu la kwenye nyusi, shati alilovaa, ufuko, meli. Hakuahidi lolote. Alisema inaweza kuchukua miaka, na kwamba kwao hakuna pa kubonyeza.

Hofu ya Armelle haikuisha siku hiyo wala mwezi huo. Vijisanduku havikupanda tena. Ila mara mojamoja, mchana, duka likiwa tupu na mvua inakuja kutoka upande wa Kongo, alihisi kuna mtu mahali fulani anavuta pumzi ili aseme. Alisimamisha vidole, akasikiliza. Kisha akaendelea kuchapa.